Video Iliyonipa Mkono wa Kushoto

Binamu yangu alirudi kutoka Kajiado akiwa ameshika kamba. Kamba tu. Mwisho wa ile kamba palipaswa kuwa na beberu wa shosho, bibi yetu, lakini palikuwa na fundo, na fundo halili majani.

"Mbuzi iko wapi?" nikamuuliza.

"Wacha kwanza nikunywe maji."

"Mbuzi iko wapi?"

"Kwani maji ya hapa siku hizi ni ya kuomba?"

Akanywa kikombe kizima, akajaza kingine, akakitazama hicho cha pili kama mtu anayesoma habari ndani yake. Nikamngoja. Sisi wawili tunaishi na shosho, huko nyuma ya Kitengela ambako lami inaisha na vumbi linaanza kujidai, na huyu kijana nimemjua tangu tukipigania ukoko wa ugali. Akinywa maji ya pili bila kiu, kuna kitu amevunja.

"Nilicheza pool," akasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikakumbuka ni mbuzi gani tunaongea habari zake, na kicheko kikarudi ndani chenyewe.

Yule beberu si mbuzi wa kawaida. Ni mweupe, mrefu, ana ndevu kama za mwalimu wetu mkuu na anatembea kama yeye pia, kana kwamba kuna mtu amechelewa darasani mahali fulani. Shosho alimlea kwa chupa ya maziwa mama yake alipomkataa. Sasa akina mama wa pande zetu zote wanaleta mbuzi wao wa kike kwake, wanapanga foleni getini, na shosho anawapokea akiwa amevaa kitambaa cha kanisani. Rafiki yake wa Kajiado, waliyeimba naye kwaya zamani, alikuwa ameomba kumkopa kidogo. Shosho akakubali. Kisha akasafiri kwenda Illasit kumsaidia dada yake kuchuma nyanya, akamwachia binamu kazi moja: amchukue beberu Kajiado, amrudishe nyumbani kabla yeye hajafika Jumapili jioni.

Na alimwambia mbele yangu, kidole kikiwa juu. Binamu alikuwa ameshapoteza wilbaro, kifuniko cha tangi, na kuku mmoja ambaye mpaka leo hatujui alienda na nani. "Hii ikikushinda," shosho alisema, "unaenda Rombo kwa mjomba wako kulima vitunguu. Na sitaki kusikia mdomo."

Kwa hivyo nilimkalisha, nikamwambia aeleze pole pole. Alimchukua beberu vizuri. Akapita karibu na soko la mifugo. Kando ya soko kuna kibanda cha mabati chenye meza ya pool, na mbele yake kulikuwa na mzee mmoja wa makamo, dalali wa mbuzi, amevaa shuka na kofia ya jua, amelala kwenye benchi akiwa amekumbatia fimbo ya kuchezea. Mzee akaamka, akapiga mwayo, akauliza kama kijana anajua huu mchezo, maana yeye bado anajifunza.

"Akasema bado anajifunza," nikarudia.

"Alikuwa anashika fimbo kama mwiko!"

"Na wewe ukafurahi."

"Nilimhurumia!"

Wacha niwaambie kwa nini hapo nilitaka kumpiga na ile kamba. Huo mchezo wa kujifanya hujui, hiyo ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyemfunza. Tangu kidato cha kwanza, kila likizo, nimekuwa nikizunguka kwenye mabanda ya pool ya Kitengela nikiwa msichana mjinga. Msichana mjinga anaingia akitafuna chingamu. Anauliza ile nyeusi ni ya nani. Anacheka wakati usiofaa. Anaanza kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kushoto unakosa bila kuigiza, na watu wote wanaanza kumfundisha, "Hapana mrembo, shika hivi." Kisha anasema, "Ai, wacha nijaribu na hii ingine," anahamia mkono wa kulia, na mambo yanaanza kuwa mabaya kwa wenyeji. Dau letu lilikuwa soda, chipsi, ama kubebwa na pikipiki mpaka geti la shule. Kuna mhula mmoja sikutembea kwa miguu hata siku moja. Wenzangu walidhani baba yangu amenunua pikipiki.

Kilichoharibu hiyo biashara ni simu.

Zamani, nasikia, mtu wa pool aliweza kujifanya mjinga mji huu leo na mji wa pili kesho, na ujinga wake ukabaki mpya kila mahali. Sasa wenye meza wako na grupu. Kuanzia Kitengela mpaka Namanga, wote wako ndani. Mgeni akiingia, mwenye meza anampiga picha kama anapiga picha ya soda, anairusha kwenye grupu: "Mnajua huyu?" Kabla mgeni hajapaka chaki, jibu limerudi. "Huyo ni moto, msimguse." Ama, "Huyo ni wetu, mkaribishe chai."

Picha ya binamu yangu, kwa mfano, iliwekwa siku ileile. Alinionyesha mwenyewe, rafiki alikuwa amemtumia. Yuko hapo anacheka, kamba ya mbuzi mkononi, na chini yake wameandika: "Mteja mzuri. Akirudi apewe kiti."

Kwa hivyo yeye hangeweza kurudi. Ilibaki mimi. Na mimi pia nilikuwa kwenye grupu, lakini kwa njia ya ajabu ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna hadithi.

Mwanzoni mwa hii likizo nilikuwa kibanda fulani cha Kitengela, nimevaa kofia ya mavin mpaka kwenye nyusi na skafu mpaka puani kwa sababu ya vumbi, nikimaliza meza ya vijana wa bodaboda. Nyuma yangu kulikuwa na jamaa anayejipiga selfi ya video huku akila soseji ya smoki. Uso wake umejaa nusu ya skrini, mdomo unatafuna na kutangaza kwa wakati mmoja: "Wasee, oneni hii maajabu! Kasichana kanaua watu hapa!" Nyuma ya sikio lake, mimi, mdogo kama kiazi, naingiza mpira baada ya mpira. Ile video ilitembea vibaya sana. Ilifika shuleni kwetu, ikafika kwa muuza mboga. Na kila mtu aliyeiona alisema neno moja: mashoto. Yule msichana ni mashoto. Yule mashoto wa Kitengela. Chunga msichana yeyote wa mkono wa kushoto.

Mimi si mashoto. Kamera ya selfi imegeuza picha, ya kulia ikawa ya kushoto. Ukutani nyuma yangu kuna maandishi makubwa ya CHAI NA MANDAZI, na kwenye video yanasomeka kinyume kabisa, kama yameandikwa na mtu aliyekaa ndani ya ukuta. Kaunti nzima ilibishana juu ya mkono wangu na hakuna aliyesoma ukuta. Je, niliwaambia? Mimi? Nilinyamaza kama maji ya mtungi.

"Kwa hivyo," nikamwambia binamu, "wanatafuta mashoto. Mimi nitaenda na mkono wa kulia."

"Na dau?"

Nikatazama simu yake. Akaitazama pia. Akaiweka kifuani kama mtoto mchanga.

"Apana. Apana, apana, apana."

"Rombo," nikasema.

Akaitoa.

Jumamosi asubuhi tulipata lifti kwenye pikapu ya jirani anayepeleka nyasi kavu Kajiado. Tulikaa juu ya nyasi, tukafika tukiwa na majani kwenye nywele kama viota. Tukakubaliana binamu asionekane, ajifiche nyuma ya kibanda. Mabati yale yana matundu ya misumari, kwa hivyo niliingia nikijua kuna jicho la jamaa yangu mahali fulani ukutani.

Kibanda ni chembamba. Meza imejaza chumba, na upande mmoja imekaribiana na ukuta kiasi kwamba ukitaka kupita lazima uvute tumbo. Mwenye meza ni mama mmoja mnene wa kuchekacheka, anauza chai na soda dirishani. Aliponiona tu, simu ikapanda.

"Cheka kidogo, mrembo. Nafurahia hiyo skati yako."

Nikacheka. Picha hiyo ikaenda Namanga. Kisha akanipa soda akikodolea macho mikono yangu, na nikaelewa: anataka kuona nitapokea na upi. Lakini mimi nimelelewa na shosho. Mtu mzima akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Nikapokea kwa mikono miwili. Mama wa watu alihuzunika waziwazi.

Dalali alikuwa kwenye benchi yake, kofia usoni. Nikamwendea nikainamisha kichwa, kama watoto wa huko wanavyosalimia wazee. Mkono wake ukatoka chini ya shuka wenyewe, ukagusa utosi wangu kabla yeye hajafungua macho.

"Takwenya, ntito," akanisalimia kwa Kimaasai, yaani hujambo, binti.

"Iko," nikajibu.

Sasa nambieni, mtu ambaye umemgusa kichwa kama mtoto wako, utamshuku vipi?

Shida ilitoka kwingine kabisa. Beberu alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza, kwa kamba mpya ya manjano. Akainua kichwa. Akaniona. Na akaanza kulia kwa furaha, kelele ya kuita kijiji, akavuta kamba mpaka mipira ikatetemeka, akanifikia na kuanza kutafuna pindo la skati yangu.

"Mbuzi yako inapenda watu," nikasema, uso mkavu.

"Tangu jana imekataa hata majani," dalali akasema, akikaa wima. "Wewe uko na nini?"

"Labda ni sabuni."

Nyuma ya mabati mtu alikohoa kikohozi cha kuzuia kicheko.

Nikasema namngoja shangazi anayeuza sokoni, nimechoka kungoja, nataka kujaribu ile kitu ya video. Vijana wanne watano waliokuwa pale wakasogea. Nikachukua fimbo. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mjinga mwingine yeyote asingelifanya, ila mjinga wa kujifunza kama mimi. Miaka yangu yote ya kujifanya sijui, nimeanza na kushoto. Mwili ulishazoea. Kichwa kilisema kulia, mikono haikusikia. Nikainama, nikalenga, na chumba kizima kikapiga yowe.

"Mashoto!"

"Ni yeye! Ni yeye!"

"Mama, rusha! Rusha kwa grupu!"

Hakukuwa na pa kurudi, kwa hivyo nikapiga. Ile nyeupe, mpira wa kugongea mingine, iliruka juu ya meza kama panzi, ikagonga ndoo ya maji, ikabingirika mpaka chini ya beberu, na beberu akainusa kwa heshima.

Kisha kicheko ambacho sijawahi kusikia tena. Kijana mmoja alitoka nje kabisa kwenda kuchekea barabarani.

"Hata huyu!" mama akafuta machozi. "Tangu hiyo video itoke, kila msichana Kajiado ni mashoto. Juzi walikuja watatu wa shule moja, wote lefti!"

Simu yake ikalia, sauti ya mtu kutoka Namanga ikajaa kibandani: "Huyo si yeye bwana. Huyo anaiga tu. Yule wa ukweli nilimwona na macho yangu, ni mrefu hivi. Mchezesheni."

Basi, kwa idhini ya grupu, nikathibitishwa kuwa nakala mbaya yangu mwenyewe. Ningeshukuru, lakini nilikuwa nazuia kicheko kwa nguvu zote, meno yamebana shavu kwa ndani. Nikaendelea na kushoto, na nikakosa kwa moyo mweupe.

Sasa dalali akainuka. Akashika fimbo kama mwiko, vilevile binamu alivyosema. "Hata mimi bado najifunza," akaniambia, "tujifunze wote."

Sidhani dunia imeona mchezo kama ule. Alikuwa anajifanya hajui, mimi nikijifanya sijui, kila mmoja akimngoja mwenzake avimbe kichwa na kutaja dau. Nikakosa mpira uliokaa mdomoni mwa shimo. Akakosa mpira huohuo, kwa ustadi zaidi. Nikaingiza nyeupe. Akaingiza nyeupe pia, akajipiga paji la uso, "Ai, macho!" Akapaka chaki upande usiofaa. Nikaiacha fimbo ianguke. Vijana walikuwa wanaumia kama watu wenye jino bovu.

"Piga basi! Hata shimo limechoka kungoja!"

"Wazee kwa watoto, wote hakuna kitu!"

"Mama, zima taa, hawa wacheze na giza, ni sawa tu!"

Nyeusi, ile ya kumaliza mchezo, ikaishia kuingia kwa bahati mbaya, kwa kweli sijui ni nani aliyeigonga. Hapo nikaona nikimwachia yeye ataje dau tutalala hapo. Nikaitoa simu ya binamu, nikaiweka kwenye ukingo wa meza kana kwamba imenizidi uzito mfukoni.

"Shangazi akichelewa hivi," nikasema, "si tucheze moja ya ukweli? Mimi naweka hii."

Macho ya dalali yaliamka kabla ya uso wake. Simu ile ina skrini kubwa. "Mimi sina kitu kama hiyo," akasema. "Niko na mbuzi tu."

"Ai, mbuzi nitafanya nayo nini?" Nikaguna. Nikamtazama beberu kama mtu anayetazama kazi ya nyumbani ya hesabu. "Haya. Sawa. Mbuzi."

Aliivua kofia. Fimbo ikageuka mikononi mwake, ikakaa mahali pake. Akafungua mchezo, na mipira ikatawanyika kama wanafunzi wakiona mwalimu wa zamu. Mbili ziliingia palepale. Nami nikaelewa kilichompata binamu yangu, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Aliingiza nyingine, na nyingine. Kisha moja ikakwama, zamu ikawa yangu.

"Wacha nijaribu na huu mkono," nikasema, nikahamia kulia.

Lo, ule utamu. Kama kuvua viatu vya shule. Mpira wa kwanza ulienda nilikouambia. Wa pili ukafuata. Nilisikia mama wa chai akisema "Eeh?" na wa tatu ukaingia kabla hajamaliza. Dalali alianza kutabasamu taratibu, tabasamu la mtu aliyeibiwa kiatu na mwizi mwenye mguu sawa na wake. Nilimaliza zote zangu. Ikabaki nyeusi. Nikakosa pembe, nikaificha nyeupe nyuma ya hiyo nyeusi ili asiweze kupiga zake, yeye naye akatoka hapo kwa njia ambayo sitaisahau, akamaliza zake, na akajaribu nyeusi ndefu ya kuvuka meza nzima. Ikazunguka mdomo wa shimo, ikafikiria, ikakataa.

Kisha nikaona mahali nyeupe ilipokuwa imesimama. Ilikuwa upande wa ukuta. Ule upande wa kuvuta tumbo. Kwa mkono wa kulia, kiwiko changu kingegonga mabati. Fimbo isingerudi nyuma hata kidogo. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile, nikajikunja kama pasi. Hakuna. Pale pangepigwa na mashoto tu.

"Shida gani, ntito?" dalali akauliza kwa upole mwingi mno.

Kwenye tundu la msumari, karibu na sikio langu, jicho la binamu lilikuwa limefunguka kama sahani. "Rombo," likanong'ona. Jicho halinong'oni, najua, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikahamisha fimbo kwenda kushoto. Vijana wakaguna, wakikumbuka panzi. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine. Huu mkono nimeukosesha likizo baada ya likizo. Kukosa nako ni kazi: ili mpira upite kando ya shimo kidogo tu, watu waone ni bahati mbaya, lazima ujue shimo liko wapi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unajua shimo liko wapi kuliko mtu yeyote mle ndani. Ulikuwa haujawahi kuruhusiwa, basi.

Nikagusa shimo la pembeni kwa ncha ya fimbo, kutangaza. Nikaacha pumzi itoke. Nikaruhusu.

Nyeusi ilienda polepole, kama bibi harusi, ikaingia.

Kelele zile zilinichukua kabisa. Nilirushwa juu, nikapigwa mgongo, soda ikamwagika, beberu akalia, na juu ya yote kijana fulani alikuwa anapaza sauti, "Mashoto wa ukweli! Si niliwaambia? Mashoto wa ukweli!" Mama akawa anaguta kwenye simu kuelekea Namanga: "Mwongo wewe! Ati mrefu! Ni kafupi na kako hapa kwangu!" Nyuma ya kibanda binamu yangu alikuwa anacheza ngoma peke yake. Kivuli chake kilionekana chini ya mabati.

Dalali alimfungua beberu kwa mkono wake mwenyewe, akanipa kamba, ile ya manjano.

"Mimi," akasema, "nilikuwa nikienda Namanga najifanya mlevi. Illasit nilikuwa mgonjwa wa macho. Kuna mahali hata nilikuwa mhubiri. Nikifika, hakuna anayenijua. Sasa hii simu inafika mbele yangu, inawaambia nakuja." Akavaa kofia. "Ndiyo maana siku hizi nalala tu hapo, nangoja wajinga waje wenyewe. Kama yule kijana wa jana."

Kivuli chini ya mabati kikaacha kucheza.

"Alikuwa mjinga sana?" nikauliza.

"Wa kupendeza," akasema. "Akirudi, apewe kiti."

Tulirudi nyumbani juu ya ile pikapu, sasa ikiwa tupu, beberu katikati yetu amesimama kifua mbele kana kwamba ndiye aliyecheza. Tulicheka kutoka Kajiado mpaka Isinya. Binamu aliibusu simu yake. Akambusu na beberu. Jumapili jioni shosho aliposhuka na magunia yake ya nyanya, beberu alikuwa zizini, amesuguliwa kwa brashi, anang'aa. Shosho akamkagua meno, masikio, kwato. Akaridhika. Nilimwona binamu akipumua kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Nikatengeneza chai. Shosho akaketi, akavaa miwani, akafungua simu, maana alikuwa safarini na grupu ya akina mama wa kanisa haikuwa imepumzika. Nikasikia yowe. Nikasikia "Mashoto wa ukweli!" Nikamwaga chai nje ya kikombe.

Hii video ya pili ilikuwa imepigwa vizuri, na kamera ya nyuma, wazi kama mchana. Rafiki fulani wa shosho alikuwa ameituma na maneno marefu kuhusu wasichana wa siku hizi. Shosho akaishika mbali, akaisogeza karibu. Kwenye skrini nilikuwa nimeinama, nywele zimejaa nyasi, uso umekunjwa.

"Huyu msichana simjui," akasema.

Binamu yangu na mimi tukatazamana. Furaha iliyonipanda ilitaka kunipasua.

"Lakini hii mbuzi," shosho akaendelea, akigonga kioo kwa kucha, "hii mbuzi naijua hata ikivaa suti. Kwa nini mbuzi yangu imefungwa kwa meza ya watu?"

Nimekuwa nikijificha tangu kidato cha kwanza, kwa mavin, kwa skafu, kwa mkono usio wangu. Hakuna aliyekuwa amemfunza beberu kujificha. Alikuwa ametazama kamera moja kwa moja.

Binamu alieleza. Alieleza vibaya, kwa vipande, akianza na maji, bila kunitaja. Shosho alimsikiliza bila kukatiza, na hilo ndilo lilikuwa la kutisha. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo uliipoteza. Na huyu mtoto wa watu, ambaye hatujui hata jina, akairudisha."

"Ndiyo, shosho."

"Utaenda Rombo. Isipokuwa ulete huyu msichana hapa, nimshukuru na macho yangu. Mtu kama huyu haachwi aende hivyo tu."

Binamu hakuniangalia. Hilo nitamhesabia siku zote. Aliangalia miguu yake, akafunga mdomo, tayari kwa vitunguu.

Nikaweka birika chini.

"Shosho," nikasema, "huyo msichana ndiye amekutengenezea chai."

Akanitazama. Akatazama simu. Akanitazama.

"Geuka."

Nikageuka.

"Inama, kama unacheza."

Nikainama juu ya meza ya chakula, nikalenga kisahani cha sukari kwa mwiko. Nyuma yangu ile video ilikuwa inapiga yowe tena na tena. Kisha nikasikia miwani ikivuliwa. Akaja, akaniwekea mikono miwili kichwani, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mbuzi. Alimshukuru kwa mkono wangu wa kushoto, na huo wa kulia, kila mmoja kwa wakati wake. Ilikuwa ndefu, ya kutoka moyoni, nikaanza kulia kidogo, kweli. Akasema amina.

"Sasa," akasema kwa sauti ileile, "wote wawili, mkapange nguo. Rombo. Mpaka shule ifunguliwe."

Tulikuwa chumbani tukikunja nguo, wakati binamu alipoinua simu yake juu ya kichwa, akaizungusha kama mtu anayetafuta nzi.

"Unajua mjomba anaishi ndani sana kule," akasema kwa huzuni. "Huko network hakuna kabisa. Hata grupu haifiki."

Nikaacha kukunja sweta.

"Hata grupu haifiki?"

"Hata picha haiendi. Na meza ya pool iko."

Tulitazamana, na kicheko kikaanza, kidogo kwanza, puani, mpaka tukalazimika kuingiza vichwa chini ya blanketi ili shosho asisikie.